Ansible: seva 3 kati ya 40 hazijapakia nginx.conf mpya ingawa pleibuku imepita kijani

kamba_ya_nanga

Wakuu, habari. Nina pleibuku ya Ansible (orodha ya kazi za kuendesha kwenye seva nyingi) ya kupanga Nginx, programu ya seva ya wavuti, kwenye seva 40 za Debian, kazi 30 kwa jumla. Kipande chenye utata:

```
- name: Weka nginx.conf
  ansible.builtin.template:
    src: nginx.conf.j2
    dest: /etc/nginx/nginx.conf
    mode: 644
  notify: Zima washa nginx
```

Kiolezo (nginx.conf.j2) kilibadilika na hendla (kazi inayoendeshwa ikiitwa tu na `notify`) ikaitwa. Kazi ya apt (ya kusakinisha vifurushi) iliyofuata ikagoma kwenye seva 3 kwa sababu unattended-upgrades, inayosasisha vifurushi yenyewe, ilikuwa imeshika kufuli ya apt. Nikaendesha tena, seva zote failed=0. Ila hizo 3 bado zinatumia mipangilio ya zamani, ingawa faili lililoko kwenye diski ni jipya.

Mengine mawili: kila mzunguko unaleta changed=2 hata kama sijagusa kitu (ni kazi mbili za shell: moja inatengeneza dhparam, faili la vigezo vya usimbaji, nyingine inasoma toleo la Nginx), na mzunguko mmoja unakula dakika 24.

---

mzigo_mwepesi

Mkuu, tuanze na hilo la hendla, ndilo la hatari.

Hendla haikimbii pale inapoitwa. Inasubiri mpaka kazi zote za sehemu hiyo ziishe. Seva ikigoma katikati, inatolewa kwenye mbio na wito wake unapotea nayo. Ansible haiweki kumbukumbu ya wito kati ya mzunguko na mzunguko. Kwa hiyo mara ya pili `template` ililinganisha faili, ikakuta liko sawa, ikasema ok, na ok haiiti hendla. Kijani ulichoona ni cha faili kwenye diski; hakisemi lolote kuhusu Nginx iliyoko kwenye kumbukumbu.

Kwa sasa zinusuru hizo tatu kwa mkono (weka majina ya seva zako), ukianza na ukaguzi:

```
ansible 'web07,web19,web31' -b -m command -a 'nginx -t'
ansible 'web07,web19,web31' -b -m service \
  -a 'name=nginx state=reloaded'
```

Kwenye pleibuku, usingoje mwisho. Mara baada ya violezo na vyeti vyote kukaa mahali pake, weka:

```
- name: Kagua mipangilio
  ansible.builtin.command: nginx -t
  changed_when: false

- name: Endesha hendla sasa
  ansible.builtin.meta: flush_handlers
```

Nasisitiza "na vyeti vyote". Ukiweka mistari hiyo kabla ya kunakili cheti ambacho nginx.conf inakitaja, `nginx -t` itakataa na seva nzima itatoka.

Ipo pia `force_handlers: true`, inayoendesha hendla zilizoitwa hata kama kazi ya baadaye imegoma. Haisaidii seva iliyopotea kwenye mtandao, na inaweza kupakia mipangilio iliyofika nusu. Mimi naichukua kama mkanda wa pili tu.

Na hendla yako iwe `state: reloaded`, si `restarted`. Mipangilio ikiwa na kosa, kupakia upya kunakataliwa na Nginx iliyopo inaendelea kuhudumia kwa mipangilio ya zamani. Kuzima na kuwasha kunaizima kwanza, kisha haiwaki.

---

jicho_la_tatu

Kabla hatujaendelea, tazama `mode: 644`, yaani ruhusa za faili, ambazo huandikwa kwa msingi wa nane. Bila sifuri ya mbele, YAML inaisoma kama namba ya kawaida, na 644 ya kawaida ni 1204 kwa msingi wa nane. Piga `ls -l /etc/nginx/nginx.conf`, utakuta `--w----r-T`. Nginx inalisoma kwa sababu mchakato mkuu ni wa root, ndiyo maana hujagundua. Andika `mode: "0644"`, na alama za nukuu ziwepo. Pitisha pleibuku kwenye ansible-lint, kikaguzi cha pleibuku, kosa hili inalikamata.

Ukitaka `template` yenyewe ikatae faili bovu kabla ya kuliweka, ongeza `validate: nginx -t -c %s`. Ina mipaka miwili. Inafaa kwa nginx.conf kuu pekee: ukiipa kipande cha sites-available (faili la tovuti moja) kitakataliwa, maana `server` haikubaliki ikiwa nje ya `http`. Pili, kila `include` iwe na njia kamili inayoanza na `/`, kwa sababu faili hukaguliwa likiwa kwenye saraka ya muda, na njia fupi zitatafutwa huko.

Kuhusu changed=2: `shell` na `command` hazijui kama zimebadilisha kitu, hivyo hudai zimebadilisha. Ziambie wewe:

```
- name: Tengeneza dhparam
  ansible.builtin.command:
    cmd: openssl dhparam -out /etc/nginx/dhparam.pem 2048
    creates: /etc/nginx/dhparam.pem

- name: Soma toleo
  ansible.builtin.command: nginx -v
  register: toleo
  changed_when: false
  check_mode: false
```

Bila `check_mode: false`, kazi ya pili itarukwa ukiendesha kwa `--check` (jaribio lisilobadilisha kitu), na kila `when` (sharti) inayotegemea `toleo` haitapata jibu la kweli. Jibu la `nginx -v` linatoka kwenye `toleo.stderr` (njia ya makosa), wala si stdout (njia ya kawaida). Hapo wengi wanapoteza muda.

Ile kufuli ya apt: ongeza `lock_timeout: 300` kwenye moduli ya `apt`. Kawaida inasubiri sekunde 60 tu.

---

upepo_wa_kusi

Dakika 24 zina hesabu yake. Ansible kwa kawaida inashughulikia seva 5 kwa wakati mmoja (idadi hii ndiyo `forks`), na haivuki kwenda kazi inayofuata mpaka seva zote zimalize iliyopo. Seva 40 kwa 5 ni mafungu 8, mara kazi 30 ni mafungu 240. Kila fungu likichukua sekunde 6, hizo hapo dakika 24. Weka hii kwenye ansible.cfg, faili la mipangilio ya Ansible:

```
[defaults]
forks = 20
gathering = smart
fact_caching = jsonfile
fact_caching_connection = ~/.ansible/facts
callbacks_enabled = ansible.posix.profile_tasks

[ssh_connection]
pipelining = True
```

`profile_tasks` itakuonyesha sekunde za kila kazi. Itazame kabla ya kubadilisha kingine. `pipelining` inaondoa hatua ya kunakili moduli kama faili kwenye kila seva. Inagoma tu pale sudoers (faili la ruhusa za sudo) inapokuwa na `requiretty`, sharti la kuwa na terminali.

Ansible inasoma ansible.cfg moja tu, ile ya kwanza kuikuta: ya `ANSIBLE_CONFIG`, kisha ya saraka uliyomo, kisha ya nyumbani kwako, mwisho ya /etc/ansible. Haziunganishwi. Na saraka uliyomo ikiwa inaandikika na kila mtu, faili lililomo linapuuzwa. `ansible --version` inaonyesha ipi imetumika.

---

kamba_ya_nanga

Asanteni sana wakuu. `ls` imetoa `--w----r-T` kweli, nimerekebisha. Seva tatu zimepakia. Swali la mwisho: nataka kosa lisifike seva zote 40 kwa pamoja. `serial` (ya kuendesha seva kwa mafungu) itagongana na forks?

---

mzigo_mwepesi

Haigongani, ila fungu la `serial` likiwa dogo kuliko forks, forks za ziada zinakaa bure. Fanya hivi:

```
- hosts: web
  serial: [1, 5, 20]
  max_fail_percentage: 10
```

Inaanza seva 1, kisha 5, kisha 20, na namba ya mwisho inarudiwa mpaka zilizobaki 14 ziishe. Ile ya kwanza ikigoma, mbio zote zinasimama hapo hapo na seva 39 hazijaguswa. Asilimia inapaswa kuvukwa, si kufikiwa: kwenye fungu la 20, seva 2 zikigoma bado inaendelea, ya 3 ndiyo inayosimamisha. Kwenye fungu la 5, hata moja inatosha, maana ni asilimia 20.

Hendla nazo zinaendeshwa mwisho wa kila fungu, lakini usiondoe `flush_handlers`. Seva inayogoma ndani ya fungu lake itapoteza wito vilevile.