Ndago imetoboa marando, nifanyeje?

Mpandaji
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nina kipande cha bustani chenye miti michanga ya matunda, hatua kama 10 kwa 6. Kila mvua ikinyesha magugu yanarudi kabla mgongo haujapoa na palizi iliyopita. Nikashauriwa nipande mimea ya kutambaa ifunike ardhi. Nimepanda marando ya viazi vitamu, yametambaa vizuri, lakini ndago imetoboa katikati yake, imesimama wima kama sindano. Nimekosea wapi?

BibiJembe
Marahaba mwanangu, pole. Umepanda juu ya ndago iliyo hai. Hebu chimbua shina moja taratibu, usilivute. Utaona uzi mwembamba, mgumu, na kwenye uzi huo vijiazi vyeusi vimefuatana kama shanga. Ukivuta majani uzi unakatika, vijiazi vinabaki chini, na kila kimoja kinaweza kuchipua. Ndiyo maana jembe la haraka huizidisha.

Mimi nilipoteza msimu mzima hivyo hivyo. Ikabidi ning'oe marando yote, nichimbe kwa uma, nichambue udongo kwa vidole. Nikamwagilia, nikasubiri wiki 2, yaliyochipuka nikayatoa yangali machanga. Ndipo nikapanda upya, sentimita 30 kati ya rando na rando, na nyasi kavu katikati mpaka majani yakutane. Ndago haipendi kivuli. Iliyobaki ilidhoofika, nikawa naitoa mojamoja na vijiazi vyake. Tena usitifue udongo ovyo: mbegu nyingi za magugu huota zikipata mwanga, na jembe ndilo linalozileta juu.

Kijani
Kunde je? Naona zinafunga ardhi upesi.

BibiJembe
Zinafunga, na zinaupa udongo naitrojeni, ila zikizeeka unaanza upya. Chini ya miti mimi napenda ile karanga ya kutambaa yenye maua ya njano. Mwanzoni inakwenda polepole, itabidi upalilie, lakini ikishashika inadumu miaka. Chochote utakachopanda, acha shubiri 2 wazi kuzunguka shina la mti mchanga, maana mimea hii nayo inakunywa maji.

Mpandaji
Nimetoka kuchimbua sasa hivi. Vijiazi 5 kwenye uzi mmoja! Na kumbe miezi yote hii nilikuwa nakata majani tu. Kesho naanza na uma, upande wa miti kwanza.