Naomba ushauri: mapenzi ya weusi na wazungu kwenye komiki, nianzie wapi?
Wakuu habari zenu, naandaa makala ya wapenzi wa rangi tofauti kwenye komiki za Marekani na nimekwama pa kuanzia. Wengi wanataja kampuni ya Marvel 1975, komiki yake ya Amazing Adventures namba 31, pale M'Shulla ambaye ni mweusi na Carmilla Frost mzungu wanapobusiana, mwandishi Don McGregor. Sasa huyo huyo McGregor alishaandika stori yenye busu kama hilo kwenye jarida la komiki la Creepy 1972, ila jarida lile halikuchapwa kwa rangi na halikubanwa na ile kanuni ya maadili ya komiki za Marekani ya 1954 (Comics Code), kwa hiyo lipi nilipe heshima ya kwanza? Au nianze na Mahakama ya Juu ya Marekani 1967 ilipofuta sheria za kuzuia ndoa za weusi na wazungu? Mimi naona mahakama ndo mzizi wenyewe, nyie mnashaurije?