Tupeane uzoefu: mliagana vipi na mbwa wenu wa nyumbani?

Mwanzisha mada, Chumbageni, Tanga

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Juma lililopita tulimzika mbwa wetu Hayawahusu, aliyekaa nasi miaka 13, na tangu siku hiyo nimekosa mtu wa kuzungumza naye jambo hili bila kuchekwa. Jina alipewa na marehemu bibi yetu, aliyechoshwa na majirani waliomuuliza kila uchao kwa nini Mwislamu anafuga mbwa. Kila alipomwita aje kula, nao walikuwa wamekwisha kupata jibu lao.

Bibi alishika mafunzo ya madhehebu ya Imamu Shafi: mbwa wa ulinzi anaruhusiwa kufugwa, lakini mate yake ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo Hayawahusu alikuwa na sufuria yake iliyokatika mkono, iliyokaa nje chini ya mwembe, na sisi watoto tuliisogelea tu kwa ajili ya kumimina ugali na vichwa vya vibua. Hakuingia ndani wala hatukumkumbatia. Ninayasema haya kwa sababu wapo wanaodhani kwamba asiyemkumbatia mbwa hampendi.

Mwaka huu macho yake yaliingia ukungu, akawa anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa ovyo na kukisusa chakula. Daktari wa mifugo alitueleza kwamba figo zimechoka na kwamba tunaweza kusubiri, au akamchoma sindano ya dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa, ambayo humlaza kwanza, kisha husimamisha pumzi na moyo. Tulisita kwa siku 4, na siku hizo ndizo zinazoniuma hadi leo. Alikuwa na desturi ya kuinua kichwa na kulia kwa sauti ndefu kila adhana ya alfajiri ilipoanza. Katika siku hizo 4 alijikokota mpaka mahali pake karibu na mlango wa uani, akainua kichwa na kufungua mdomo, lakini sauti haikutoka.

Siku ya 5 sindano ilichomwa palepale chini ya mwembe. Mama, ambaye kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akimgusa kwa mkono mtupu, alichuchumaa akakishika kichwa chake, mate yakimtiririka viganjani, mpaka daktari alipotikisa kichwa. Kisha akainuka, akachota udongo na kwenda bombani kunawa, akihesabu kwa sauti.

Je, ninyi mliamua vipi? Watoto mliwaambia nini?

Mkazi wa Pongwe

Pole sana, ndugu yangu. Sisi hatukupata hata hizo siku 4. Mbwa wetu aling'atwa na mbwa wa kuzurura, nasi mwaka huo tulikuwa tumeiacha chanjo ipite, kosa ambalo silitetei. Baada ya majuma kadhaa alianza kung'ata mnyororo, akashindwa kumeza, na udenda ukawa haukatiki. Bwana mifugo alitukataza kumkaribia, kwa kuwa kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, kwa mbwa wala kwa binadamu. Mwanangu alikuwa na mchubuko mkononi na mbwa huyo alikuwa amemlamba, hivyo tuliuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, tukakimbilia hospitali, akaanza kuchomwa chanjo siku hiyohiyo. Mbwa aliuawa, kichwa kikachukuliwa kwa uchunguzi, kwa sababu ugonjwa huo huthibitishwa kwenye ubongo. Mtoto alitaka kujua kwa nini Simba anazikwa bila kichwa. Nilimwambia ukweli, naye hakula siku ile. Hata sasa sijui kama nilifanya sawa.

Mzee wa Makorora

Kwa malezi yangu mbwa ni mbwa, na kumlilia naona ni kupita kiasi. Hata hivyo sitaficha kwamba wa kwangu alipotea nilipohama Ngamiani, nami nilirudi kule mara 3 kumtafuta, nikimdanganya mke wangu kwamba nafuata deni.

Mama wa Raskazone

Nawakumbusha jambo la kaburi, kwa kuwa huwa halisemwi. Ardhi yetu ya pwani ina mawe ya matumbawe, na mchimbaji akichoka huishia magotini. Chimbeni mpaka kiunoni na mpange mawe juu, la sivyo mbwa wengine watafukua usiku, na hayo niliyaona mwenyewe asubuhi, watoto wakiwa nyuma yangu.

Mwanzisha mada

Ahsanteni nyote. Mzee wa Makorora, mke wako asipite hapa. Kaburi letu lina mawe, nashukuru. Jana jirani mmoja, miongoni mwa wale waliokuwa wakimhoji bibi, alisimama mlangoni akauliza kama tutaleta mbwa mwingine, maana ndani ya juma moja ameibiwa ndoo 2 na jogoo. Mama alimtazama kitambo, akaniambia, "Mwambie jina la yule aliyekufa."