Mzabuni katuwekea VPN, matawi yanatupana nje, lawama anaipa intaneti yetu

Mbukwenyi wakuu. Nina hasira, mtanisamehe nikiandika kama naongea.

Mimi ndiye "mtu wa kompyuta" kwenye taasisi moja ya mikopo hapa Dodoma mjini. Matawi yako Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na Manyoni. Mashine 43, mtu mmoja, na pikipiki ya ofisi mafuta yake ni ya kuombewa kibali. Ndiyo maana tulipotafuta VPN (njia ya siri inayopita juu ya intaneti) ili matawi yaingie kwenye mfumo wa mahesabu, nilisisitiza iandikwe kwenye mkataba: programu iingie kimya kimya. Nasukuma kutoka hapa, mhasibu wa Kondoa anaendelea na wateja wake, akija kushtuka alama iko pale chini karibu na saa. Wala si uchawi. OpenVPN, ndiyo VPN tuliyowekewa, ina faili la MSI, la kuinstolia kwenye Windows. Unaliita kwa amri ya msiexec, unaweka /qn lisiulize kitu, /norestart lisimzimie mtu mashine katikati ya malipo, na /l*v liandike logi. Mstari mmoja tu!

Mzabuni akaja na SGR kutoka Dar, suti, laptopu mbili. Siku ya kwanza skripti yake ya kuinstoli ikasema mashine 31 zimefeli. Nafungua logi, nakuta 3010. Jamani, 3010 ni Windows inakwambia kazi imekwisha vizuri, iwashe tu upya. Skripti yake inajua sifuri peke yake, namba nyingine yoyote kwake ni kufeli, basi inafuta na kuanza tena. Kuna mashine ya Mpwapwa iliinstoliwa mara tano mchana mmoja.

Hilo nililimeza. Na la profaili nililimeza: skripti iliendeshwa na akaunti ya SYSTEM, ya Windows yenyewe, ikatupia faili la .ovpn (ndiyo profaili, maelezo ya kuunganisha) kwenye folda ya SYSTEM badala ya Program Files\OpenVPN\config ambako kila mtumiaji angelikuta. Watu wanabofya alama, inasema hakuna profaili. Nikazihamisha mwenyewe usiku, moja moja.

Siku ya makabidhiano wakawasha mashine moja, ikatulia, bosi akasaini. Kesho yake tukawasha moja kila tawi, hapo ndipo shughuli ikaanza.

"Mwanangu, limekata tena." Huyo ni mama mhasibu wa Kondoa. Dakika mbili anarudi hewani, anapiga wa Manyoni: limekata. Manyoni akirudi, Mpwapwa hola. Nampigia fundi wao, ananijibu, "Kaka, mtandao wa mikoani ndivyo ulivyo." Mara nne ananiambia hivyo hivyo! Bosi akamwamini yeye, maana ametoka Dar, tukanunua bando kubwa zaidi na routa mpya mbili. Hakuna kilichobadilika.

Jumamosi nikaweka faili la .ovpn la Kondoa na la Manyoni pamoja kwenye skrini. Zinafanana herufi kwa herufi. Cheti kimoja (kitambulisho cha mashine kwa seva), ufunguo binafsi mmoja, jina moja, "client1", mashine zote 43. Na seva ya OpenVPN, usipoiambia vinginevyo, akija wa pili mwenye jina lilelile inamtoa wa kwanza. Wa kwanza anasubiri jibu, haoni, anaunganisha upya, naye anamtoa wa pili. Abiria 43, tiketi moja, kiti kimoja. Intaneti ya Kondoa imesingiziwa bure.

Nikampigia fundi tena. Anasema, "Ongeza duplicate-cn kwenye seva, litatulia." Yaani seva iruhusu wengi wenye jina moja. Litatulia, ndiyo. Halafu afisa mikopo akiacha kazi akaondoka na laptopu nitafanyaje? Nikifuta cheti chake nimewafungia wote 43. Nikikiacha, anaingia kwenye mahesabu yetu akiwa kwake Nkuhungu anakunywa chai. Tena faili lenyewe, na ufunguo ndani yake usio na hata nywila, walilituma kwenye grupu la WhatsApp la matawi. Tangu Oktoba 2023 TCRA wanataka wanaotumia VPN kikazi watoe taarifa zao, na aliyesaini ya kwetu ni mimi, si yeye.

Nimedai vyeti 43, kila mashine na chake. Wamejibu kwa barua pepe kwamba hiyo ni "kazi ya ziada" na wametuma ankara nyingine. Nimeomba basi ufunguo wa CA, ule unaosaini vyeti vyote, nivitengeneze mwenyewe, programu ya Easy-RSA ya kutengenezea vyeti naijua. Wamekataa, eti ni mali ya kampuni. CA ya mtandao wetu, seva yetu, hela yetu!

Kwa hiyo naanza CA mpya kuanzia sifuri. Wenye uzoefu: mmewahi kuendesha seva mbili kwenye mashine moja, ya zamani ikibaki kwenye port (mlango wa mtandao) 1194 na mpya kwenye port nyingine, mkahamisha tawi baada ya tawi? Na wanasheria mliomo humu, awamu ya mwisho ya malipo bado hatujaitoa. Tunaweza kuizuia? Bosi anataka kusaini hundi Jumatatu.