Makiato ya Italia: mbona kikombe kidogo hivi?

Kijiko_Kimoja:
Wakuu, naombeni kueleweshwa. Niko Torino kikazi. Makiato niliyoizoea mimi ni ya kikombe kirefu, maziwa tele, karameli juu. Hapa nimeagiza nikapewa kikombe utadhani cha mtoto kuchezea, ndani kahawa kali na doa la povu. Mafunda mawili, kwisha. Mwenzangu akasema "latte macchiato", yeye akaletewa glasi ndefu ya maziwa. Makiato yenyewe ni ipi? Na maziwa haba namna ile yana kazi gani? Si bora waache kabisa, au watie ya maana?

TamuChungu:
Uliyopewa wewe ndiyo yenyewe. Ile ya karameli waliileta Starbucks, wale wenye mikahawa ya Kimarekani, mwaka 1996, na ina undugu zaidi na glasi ya mwenzako kuliko na kikombe chako. Ukitaka maziwa agiza kapuchino, yaishe.

MzeeWaKaunta:
Nimefanya kazi ya mashine ya kahawa Trieste, mji mwingine wa Italia, miaka mingi, ngoja nikufafanulie.

Espreso ya Kiitaliano ni kama gramu 7 za kahawa iliyosagwa laini. Maji ya moto yanapitishwa humo kwa shinikizo la bari 9 hivi, na kwa sekunde 25 unapata mililita 25 hadi 30. Kapuchino ni kahawa hiyohiyo ikatiwa maziwa kama mililita 100. Makiato ni hiyohiyo tena, ila maziwa ni kijiko kimoja, viwili ukizidi. Latte macchiato inageuza mambo: maziwa ya moto yanatangulia, kahawa inamiminwa juu polepole, ndiyo maana ukaona matabaka kwenye glasi.

Sasa hilo la "kazi gani". Maziwa yana protini inaitwa kaseini, nayo hunasa vile vitu vya kwenye kahawa vinavyokakamaza ulimi. Tone kidogo linapunguza ule ukakasi, kahawa inabaki kahawa. Ukiendelea kumimina unapata kinywaji kingine, kizuri pia, lakini siyo hiki. Ila maziwa yasichemke! Yakivuka nyuzi 70 yananuka kupikwa, na kwa kikombe kidogo vile huna pa kuificha harufu hiyo.

Ukiagiza sema "caffè macchiato caldo" kama unataka maziwa ya moto yenye povu. Ukisema "freddo" ni maziwa baridi, na mara nyingi wanakuwekea kijagi ujitilie. Mimi nanywa freddo, wenzangu walinicheka mpaka wakachoka.

Ukifika Trieste, sahau yote niliyosema kuhusu majina. Kule makiato inaitwa "capo", na ukiitaka kwenye kiglasi ni "capo in b". Ukiomba kapuchino unaletewa kikombe kidogo vilevile. Mwenye kutaka kapuchino ya kwingine huagiza "caffelatte". Wageni wanagombana na wahudumu kila asubuhi.

Kijiko_Kimoja:
Shukrani sana mkuu, hapo nimekupata. La mwisho: nimeambiwa kapuchino baada ya saa tano asubuhi unatazamwa vibaya. Na makiato je?

MzeeWaKaunta:
Kapuchino watakupa, hawakufukuzi, watajua tu wewe si wa pale. Makiato haina saa, hata baada ya chakula cha usiku inanyweka. Simama kaunta kama wenyeji, maana sehemu nyingi ukikaa mezani bei inapanda. Angalia pia wanavyolipa wengine: kuna baa unaanza kwa keshia, ndipo unapeleka risiti kaunta.

TamuChungu:
Na sukari je, mzee? Kuna mabingwa humu wanasema ni dhambi.

MzeeWaKaunta:
Waache hao. Waitaliano wengi wanatia, tena wanakoroga vizuri. Ionje kwanza bila sukari, kisha fanya roho inavyopenda.