Naomba ushauri: kuoanisha orodha za anwani kati ya Exchange na Zimbra

Wadau, hamjambo. Ninashughulikia kompyuta katika shirika moja hapa Nairobi. Ofisi ya Upper Hill inatumia Exchange (mfumo wa barua pepe wa Microsoft), ya Industrial Area inatumia Zimbra (mfumo mwingine wa barua pepe), na orodha zao za anwani hazijuani kabisa. Kila Ijumaa natoa majina kutoka Active Directory (hifadhi ya Microsoft ya akaunti za wafanyakazi) kwa csvde (zana ya Windows inayotoa orodha kama faili ya CSV, yaani jedwali la maandishi), napanga safu upya, kisha naingiza Zimbra kwa mkono. Halafu narudia kinyume chake.

Wiki jana barua ya mishahara ilimfikia mhasibu wa kandarasi aliyemaliza kazi Machi. Anwani yake binafsi ilikuwa bado ipo upande mmoja. Iliniuma sana, hizo ni siri za watu. Faili ya CSV inaongeza wapya vizuri, lakini walioondoka haiwafuti.

Najua Zimbra inaweza kusoma anwani moja kwa moja kutoka Active Directory kupitia LDAP (itifaki ya kusoma orodha kama hizo kwenye mtandao). Kuna aliyefanya hivyo kati ya ofisi mbili, na mtandao ukikatika inakuwaje? Upande wa Exchange je, niandike skripti ya PowerShell (lugha ya amri ya Microsoft) ya kulinganisha orodha na kufuta waliotoka, ama kuna njia salama zaidi? Naogopa kufuta aliye kazini.

Natanguliza shukrani.