Faili ya mirathi ya zamani Makueni, nambari ya kesi haijulikani

Mwanakijiji: Wadau, salamu. Marehemu alifariki 1998, shamba liko Makueni. Mirathi ilifunguliwa mwaka mmoja au miwili baadaye, lakini nyumbani hakuna hata karatasi moja. Nambari ya kesi haijulikani, wala mahakama yenyewe. Mtu anaanzia wapi? Na asiye na wakili anaruhusiwa kuiona faili?

Masjala: Kabla hujapanda matatu, anza na Gazeti Rasmi la Serikali. Maombi ya mirathi hutangazwa humo, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Tangazo hutaja marehemu, alikofia na tarehe ya kifo, mwombaji, mahakama na nambari ya kesi. Karibu kila unachotafuta. Matoleo ya zamani yamo bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Yamepigwa skani, kwa hiyo herufi hupotea. Jina la marehemu likikataa, jaribu la mwombaji au la kijiji, kisha pitia matoleo ya kila Ijumaa kuanzia tarehe ya kifo.

Sheria_Mashinani: Na usikimbilie mahakama iliyo karibu. Kabla ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, hakimu alisikiliza mirathi ya mali isiyozidi Sh100,000 tu. Iliyozidi hapo ilikwenda Mahakama Kuu, na miaka hiyo kwa watu wa Makueni hiyo ni Machakos. Mfumo wa kesi mtandaoni hautakufaa kwa faili ya karatasi ya zamani hivyo.

Wakili si lazima. Mwandikie naibu msajili (afisa anayesimamia faili za mahakama) barua: nambari ya kesi, jina la marehemu, uhusiano wenu, na kwamba unaomba kupitia faili na kupewa nakala zilizothibitishwa. Ambatisha nakala ya kitambulisho. Usimpe mtu ada mkononi. Lipa kwa nambari ya malipo ya mahakama na ushike risiti.

Mwanakijiji: Asanteni sana. Na karani akisema faili haionekani?

Masjala: Mwombe aangalie rejista ya mirathi ya mwaka huo, na kama faili ilihamishiwa kituo kingine. Halafu nenda ofisi ya ardhi. Kadi ya kijani (rekodi ya wamiliki wa shamba) ikionyesha shamba lilihamishwa kwa mirathi, omba nakala ya cheti cha mahakama kilicholetwa wakati huo. Ukiwa nacho, unaweza kuiomba mahakama ifungue faili mbadala.

Sheria_Mashinani: Faili ukiipata, usinakili granti (hati ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu) pekee. Chukua cheti cha uthibitisho wa granti (kinachoidhinisha mali igawanywe) pamoja na jedwali lake la mgao (nambari ya shamba, mrithi, sehemu yake), na ile barua ya chifu iliyoorodhesha warithi. Linganisha orodha hizo mbili jina kwa jina. Mrithi aliye kwenye barua ya chifu lakini hayumo kwenye mgao, wala hakutia sahihi popote kuukubali, anaweza kuomba granti ifutwe chini ya kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi. Nambari ya shamba nayo isome tarakimu kwa tarakimu: ikikosewa moja, ofisi ya ardhi haitasajili, na marekebisho huombwa mahakama ile ile iliyotoa cheti.